Kufuma kwa Uzi Ulio Nao

Watu wengi hudhani kwamba kielelezo cha sweta kilichochapwa gazetini ni amri, na kwamba asiye na uzi ule ule uliotajwa hawezi kukifuata. Mimi nasema sivyo. Kielelezo ni hesabu, na hesabu yaweza kupigwa upya.

Kwetu ni Njombe, ambako mwezi wa Juni na Julai baridi ni kali sana. Likizo ya Desemba iliyopita bibi aliniomba nimfumie sweta kwa uzi wa sweta la marehemu babu, lililokuwa limetoboka viwikoni. Bibi ndiye aliyenifundisha kufuma, lakini sasa macho yake hayaoni vitanzi vizuri. Sufu ile haipatikani tena madukani kwetu, wala uzi wa babu haununuliki. Ukiharibika, basi.

Kwanza tulilifumua sweta, tukauzungusha uzi katika mafungu, tukauosha kwa maji baridi, kisha tukauanika huku tumening'iniza jiwe dogo chini ya kila fungu ili unyooke. Kielelezo nilikitoa katika gazeti kuukuu la akina mama la Kiingereza. Kilitaka sindano namba 8, ambayo kwa kipimo cha siku hizi ni milimita 4, na kilisema vitanzi 22 vitoe upana wa inchi 4. Nilifuma kipande cha kujaribia, nikakipima kwa rula. Uzi wa babu ulikuwa mnene zaidi. Vitanzi 20 tu vilijaza inchi 4.

Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ni kubwa. Upande wa mbele ulitakiwa uwe inchi 20, yaani vitanzi 110 kwa kufuata gazeti. Kwa uzi wetu vitanzi 110 vingetoa inchi 22. Ukijumlisha mbele na nyuma, sweta lingezidi kwa inchi 4, na uzi ungekwisha kabla ya mikono. Sindano nyembamba zingepunguza upana, lakini nguo ingekuwa ngumu kama gunia. Basi nikaanza na vitanzi 100, na urefu nikaupima kwa rula badala ya kuhesabu mistari.

Kwa kuwa uzi wa viwikoni ulikuwa umelika, pindo la chini, shingo na ncha za mikono nilizifuma kwa uzi mweusi wa kiwandani. Uzi huo haurudi katika maji ya moto, lakini sufu hurudi na kusinyaa. Kwa hiyo sweta lote hufuliwa kwa maji baridi.

Bibi hulivaa kila alfajiri akienda kukamua ng'ombe. Wenzangu, msiache kufuma kwa kukosa uzi wa gazetini. Fumeni kipande cha kujaribia, kipimeni, pigeni hesabu, ndipo mwanze.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne