Chumba cha Pembeni

Sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu, ambao hakuna hata mmoja wao anayelitunza sanduku lenyewe. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, hisa hugongwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama, na kabla ya kufunga, salio hutajwa kwa sauti ili kila mtu aondoke nalo kichwani. Utaratibu huu nauheshimu sana. Waliouandaa walijua kuwa watu hawaaminiani kwa sababu tu wameombwa waaminiane. Lakini kikundi kimoja cha wakulima wa kahawa, huku milimani Mbinga, kiliponiomba nikichoree nyumba ya kukutania, kwa kuwa wamechoka kuhamahama kwenye baraza za watu, nilijikuta nikiuliza mambo ambayo utaratibu huo hauyagusi: nani akae wapi, amtazame nani, na walio nje wasikie nini.

Katika mchoro wa kwanza niliweka ukumbi wenye madirisha ya juu na, pembeni, chumba kidogo chenye mlango, ili mwenye dharura aongee na viongozi peke yao. Nia yangu ilikuwa kumsitiri. Mama mmoja mtu mzima aliuangalia ule mchoro, akauzungusha, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, wale wakishaingia humo, sisi tunaobaki hapa tutakuwa tunawaza nini?"

Sikuwa na jibu, na sijui kama ninalo hata sasa. Vikoba vingi huwagawa wanachama watanowatano, na hao watano ndio wanaodhaminiana. Mdhamini asiyesikia shida ya mwenzake atadhamini nini? Wakati huohuo, kuna shida ambazo si za kusikiwa na watu 30: deni la mume, ugonjwa ambao bado hautajwi nyumbani, mtoto aliyerudishwa nyumbani kutoka shule. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi hivi na kuvitaka visajiliwe, jambo jema, ila mahali pa kukaa hupaswa kupangwa na wanaokaa.

Wamatengo, wenyeji wa milima hii, walikuwa na sengu. Wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mkubwa wao, chakula kikija kutoka kila nyumba, na baada ya kula wakazungumza mashamba, ndoa na magomvi huku vijana wakisikiliza. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani, waliofanya kazi Kindimba tangu miaka ya 1990, waliitaja sana sengu pamoja na ntambo, yaani mgongo wa mlima wa ukoo, na mashimo ya kilimo ya ngoro, maana waliona mambo hayo yanashikana. Mimi hunivuta jambo moja: nyumba iliyopungukiwa ilijulikana, na watu wake walikula. Njaa yao haikufichwa kwa wa ndani, ndiyo maana haikuhitaji kutangazwa kwa wa nje.

Hata hivyo siwezi kuichukua sengu na kuichora. Wale walikuwa ndugu, tena wanaume. Aliyepika hakuwa na nafasi katika mazungumzo. Kikundi hiki kina wanawake wengi, kina mwalimu aliyehamia juzi, kina mama mkwe na mkwewe, ambao kwa adabu hawawezi kukaa wakitazamana saa mbili nzima. Wanachama hukaa katika duara kwa kufuata namba za uanachama, na namba hizo zilikuwa zimewakutanisha hao wawili uso kwa uso. Niliwapendekezea mabenchi yaache kuwa duara, yafuate kuta tatu, na wale wawili wawe upande mmoja. Hilo lilikubalika bila mjadala, kana kwamba wote walikuwa wakilingoja na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema.

Kule chini ziwani, Mbamba Bay na Liuli, vilabu vya mganda vimenifundisha upande mwingine. Mganda ni ngoma ya ukoo mmoja na beni, ambayo mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975: vyama vyenye vyeo na sare, vilivyoshindana kucheza na pia kusaidiana katika misiba. Mganda huchezwa hadharani, kijiji kizima kikitazama, lakini kila mchezaji anajua mahali pake katika mstari. Nadhani hapo pana sitara ya aina yake, ya mtu kutohangaika kutafuta pa kusimama mbele ya macho ya watu.

Kwa hiyo niliongeza mlango wa pili, upande wa shamba la kahawa, ili aliyenyimwa mkopo asilazimike kupita katikati ya wenzake. Madirisha niliyashusha, kwa kuwa Juni na Julai huku ni baridi na jua linahitajika ndani. Watoto walio nje watasikia machache, na mvua ikipiga bati hata jirani wa benchi hatasikia.

Chumba cha pembeni bado kimo. Sasa kinatosha watu watano, mwombaji na wadhamini wake, wala si ofisi ya viongozi. Yule mama anataka kiwe wazi. Mwalimu anataka mlango. Wengine wanasema pazia litatosha. Nimemwomba fundi aache nafasi ya fremu ukutani, asiizibe wala asiweke kitu, mpaka wakae kikao cha mwezi ujao.