Pembe Kali, Pembe Butu: Somo la Hisabati Mtaani Kisumu Ndogo

Neno "pembe" limebeba mizigo mingi katika lugha yetu. Fahali ana pembe, ndovu ana pembe, nyumba ina pembe nne, na mwanahisabati naye ana yake, aipimayo kwa nyuzi. Sisi wanafunzi wa isimu huliita neno la namna hii polisemi, kisha tukafunga daftari. Mimi nililiona likifanya kazi wakati wa likizo, nilipokuwa nikiwasaidia watoto wa majirani kudurusu masomo katika mtaa wa Kisumu Ndogo, Malindi.

Watoto hao hucheza na kugombana kwa Kiswahili. Nyumbani wengine husema Kigiriama, wengine Kidholuo. Hisabati huwajia kwa Kiingereza. Binti mmoja wa miaka 11 alikuwa ameyakariri majina ya pembe zote jioni, na asubuhi yakawa yamemtoka. Alikwisha kuamini kwamba kichwa chake hakikuumbiwa hesabu. "Kaka," akaniuliza, "mbona majina haya hayakai?"

Hayakukaa kwa kuwa hayakuwa na pa kukaa. Ajabu ni kwamba majina hayo ya Kiingereza yana asili ya Kilatini, na huko maana zake ni "iliyonolewa" na "iliyotiwa ubutu". Kiswahili hakimfichi mtoto siri hiyo. Pembe iliyo chini ya nyuzi 90 ni pembe kali, mfano wa ncha ya kisu. Iliyozidi 90 bila kufika 180 ni pembe butu, mfano wa kisu kilichochakaa. Ya nyuzi 90 barabara ni pembe mraba, nayo ya 180 ni pembe nyoofu.

Tukatoka nje kuzitafuta. Paa la makuti huinuliwa sana ili maji ya mvua yateremke kabla ya kupenya. Mteremko wa kila upande ukizidi nyuzi 45, pembe ya kileleni huwa kali. Paa la mabati laweza kulala zaidi, na pembe yake ikawa butu. Yote mawili, pande zake mbili zikilingana, ni pembetatu pacha, na pacha nani asiyewajua? Zikilingana zote tatu, ni pembetatu sawa, yenye nyuzi 60 kila pembe. Ama tanga la ngalawa, ambalo kila upande una urefu wake, mimi hulifananisha na shairi guni: halifuati ulinganifu, lakini linasafiri.

Fundi mwashi naye alikuwa mwalimu wetu. Hupima futi 3 upande mmoja wa msingi na futi 4 upande wa pili. Mshazari ukitimia futi 5, kona ni pembe mraba, kwani 9 na 16 ni 25.

Mwisho tulikata pembetatu ya karatasi, tukachana pembe zake tatu na kuzipanga pamoja. Zikafanya mstari mmoja, yaani nyuzi 180. Binti yule akanyamaza, kisha akasema, "Basi pembetatu haiwezi kuwa na pembe butu mbili!" Hilo hakulikariri popote.

Mtihani wake utakuja kwa Kiingereza, na sharti ayajue majina yale pia. Lakini sasa yana pa kukaa. Watanzania wamefundisha hisabati ya shule za msingi kwa Kiswahili kwa miongo mingi, na istilahi zipo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Mwanachama mwenzangu, tunapojadili istilahi vyuoni, tukumbuke kuna mtoto anayezingoja. Likizo ijayo, mfikishie walau tano.