Mwaka wa Kukosa Magoli

Wiki iliyopita mjukuu wangu alirudi kutoka shule, akavua viatu vyake vya michezo, akavisukuma chini ya kitanda kwa mguu, kisha akatangaza kwamba netiboli ameiacha. Timu yao imefungwa mara tatu mfululizo, naye ndiye mfungaji. "Bibi, sirudi tena," alisema. Sikumjibu neno. Nilimpakulia chakula, akala, akaenda kulala. Aliyekosa usingizi ni mimi, maana maneno yale yale niliyatamka mwenyewe mwaka 1979, nikiwa mke wa mtu na mama wa watoto wawili.

Wakati huo nilikuwa mfumaji katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Dar es Salaam, na kiwanda kilikuwa na timu ya wanawake. Ligi yetu ilikuwa ya timu 10, kila moja ikikutana na nyingine mara mbili, yaani michezo 18, tokea mvua za masika hadi zile za vuli. Asiyewahi kucheza hudhani kwamba ugumu wa msimu mrefu namna ile umo katika kukimbia. La hasha! Mbio huzoeleka. Kisichozoeleka ni kwenda kazini Jumatatu baada ya kufungwa Jumamosi, na kuwakuta wenzako wa zamu, ambao walikuwa wakicheka kabla hujaingia, wanazungumza ghafla habari za mvua.

Tena netiboli ina ukatili wake. Katika kandanda kila mchezaji yu huru kufunga, na lawama zikija hugawanywa kwa watu 11. Sisi tuko saba, na wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, nao sharti wawe ndani ya nusu duara. Pete iko juu futi 10, wala haina ubao nyuma yake wa kuusaidia mpira uliopotoka, kama ilivyo katika mpira wa kikapu. Ukishaudaka una sekunde tatu. Katika sekunde hizo wenzako waliotoa jasho kuufikisha mpira pale hawana la kufanya ila kukutazama wewe.

Mchezo wa kwanza tulifungwa kwa tofauti ya goli moja, nami nilikosa mitupo mitatu ya mwisho. Katika mchezo wa tatu kifundo cha mguu kikateguka. Nilipoanza kutembea vizuri, mtoto wetu mdogo akaugua surua, na mazoezi nikayasikia kwa watu. Niliporudi uwanjani nilikuta mwalimu wa timu amekwisha kumpa nafasi yangu msichana mwingine, naye alikuwa na haki. Mzunguko wa kwanza ulikwisha tukiwa tumeshinda michezo miwili kati ya tisa.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mpenzi mkubwa wa Simba. Mchezo wangu hakuupenda. "Mama watoto," alikuwa akiniambia, "kiwanda kinakulipa kwa kufuma, hakikulipi kwa kurusha mpira." Siku niliyomwambia kwamba siendi tena, alisema "Vema," akaendelea kula. Sijui kwa nini neno lile moja liliniuma kuliko magoli yote niliyokosa.

Mwaka huo huo Simba ilikuwa ikishiriki mashindano ya klabu bingwa za Afrika. Mufulira Wanderers ya Zambia ilikuja ikaifunga mabao 4-0, hapa hapa nyumbani. Mume wangu alirudi akaapa kwamba kandanda ameachana nayo, na kwamba hata nauli ya kuwapeleka wachezaji Zambia kwa mchezo wa marudiano ni hasara tupu. Basi wakaenda. Huko huko Zambia Simba ilishinda 5-0, Thuwein Ally peke yake akifunga mabao matatu. Mume wangu usiku ule alirudi sauti imemkauka, na kofia kichwani ambayo hadi leo hatumjui mwenyewe.

Nilimwuliza, "Baba watoto, si ulikwisha kuwazika hawa?" Alicheka. Nikamwambia, "Na mimi umenizika vivyo hivyo." Hapo hakucheka. Jumamosi iliyofuata alikuja kutoka karakana na pete ya nondo aliyoikunja mwenyewe, akapima futi 10 kwenye mwembe wa uani, akaifunga. Hakusema lolote, na mimi sikumshukuru. Nahodha wetu alikubali nichukue mpira wa timu siku zisizo za mazoezi, nikaanza kurusha mitupo 100 kila jioni.

Watu wa rika langu hawachoki kuusimulia ushindi ule wa Zambia, na wana haki. Lakini nani anasimulia raundi iliyofuata? Simba ilitolewa na Racca Rovers ya Nigeria. Hakukuwa na maandamano wala kofia. Mimi, nikiulizwa, jioni ninayoikumbuka zaidi ni hiyo. Mume wangu aliingia bila kutoa salamu, akakaa juu ya kigoda, akaitazama mikono yake. Nilikuwa nimetoka zamu ya mchana, miguu inaniwaka moto, na ningalipata kisingizio chochote siku ile ningalilala. Nikachukua mpira nikatoka. Nilipofika mtupo wa 20 hivi nilimwona amesimama chini ya mwembe, anaokota mpira na kunirudishia. Akaanza kuhesabu kwa sauti mitupo iliyoingia. Nikamwambia ahesabu na inayokosa. Akasita kidogo, kisha akaanza upya. Giza lilipotufunika, hesabu ilikuwa 54 na 46.

Tangu siku ile kuhesabu ikawa kazi yake. Zilikuwako jioni za 49, na nyingine za 45, ingawa nilikuwa nikitupa kwa bidii ile ile. Jambo hilo lilinitia hasira sana. Mwalimu alinirudisha uwanjani katika mchezo wa pili wa mzunguko wa mwisho. Katika mzunguko huo tulishinda michezo sita na kupoteza mitatu. Tukamaliza ligi tukiwa wa tano, nafasi isiyo na kombe wala picha gazetini.

Mchezo wa mwisho tulicheza katika manyunyu ya vuli. Haukuweza kutupandisha wala kutushusha, na watazamaji nadhani hawakufika 20. Mume wangu alikuwa miongoni mwao, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kamshika mkono. Mitupo yangu miwili ya kwanza ilikosa. Nikasikia kutoka kando ya uwanja, kwa sauti ya mtu asiyejali watu, "Mbili!"

Viatu vya mjukuu wangu bado viko chini ya kitanda. Timu yao itacheza tena Alhamisi. Jana babu yake, ambaye sasa hutembea kwa mkongojo, aliniuliza kama pete za watoto wa siku hizi zimeshushwa. Nikamwambia hapana, ni futi 10 kama zamani. Akaitikia kwa kichwa, akaenda chumbani kutafuta futi kamba yake.