Mimea ya Maji Inapohama



Sisi watu wa migodi tunajua kuhama. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari, uliolipwa kwa feza za Banki ya Dunia. Mwaka 2017, jamaa nyingi za Kasulo, kule Kolwezi, zilihamishwa juu ya kobalti iliyo chini ya nyumba zao. Siku ya kuhama tunahesabu vyombo: kitanda, sufuria, mashine ya kushona. Lakini kuna vitu vyenye uhai vinavyopakiwa pamoja na vyombo, na vikifika vinaanza kunyauka. Leo nitasema juu ya mimea ya akwariyumu, ni kusema sanduku la kioo la kufugia samaki, na pia juu ya watoto wetu.

Sanduku letu liliachwa na fundi mmoja Mzungu aliporudi kwao. Mwaka 2004, tulipotoka Kolwezi kwenda Sandoa, kwao na bwana yangu, binti yetu wa miaka 9 alikataa tusiliache. Ndani mlikuwa mimea ya aina 3. Anubias ina majani magumu na shina nene linalotambaa juu ya jiwe. Bolbitis nayo inashika mawe ya mtoni. Hizo mbili ni za Afrika. Ya tatu, Cryptocoryne, kwao ni Asia.

Tulikaa siku 4 juu ya kamio. Mimea tuliifunga katika magazeti yaliyoloweshwa, kisha ndani ya mifuko ya plastiki, tukaiweka kivulini chini ya magodoro. Mchanga na mawe ya sanduku tuliviacha na unyevu, kwa maana vijidudu visivyoonekana vinavyosafisha maji vinakaa humo, na vikikauka vinakufa.

Tulifika mimea ikiwa mizuri. Kisha siku 5, Cryptocoryne ikaanza kuyeyuka. Majani yakawa laini sawa uji.

“Mama, yote inaoza. Tutupe tu,” mtoto akasema.

“Apana, mama. Gusa kwanza ku mizizi. Iko nguvu ao iko laini?”

“Iko nguvu.”

“Basi haiyakufa.”

Ndivyo ilivyo. Jani la mmea wa maji limejengwa kwa maji fulani na mwanga fulani. Vikibadilika kwa mara moja, jani la zamani haliwezi kazi tena. Mmea unaliachilia, unaishi kwa akiba iliyo katika mizizi na shina, na kwa akiba hiyo unajenga majani mapya ya mahali papya. Tukiona majani yanaanguka tunazani ni kifo, lakini mara nyingi mmea unaanza upya.

Kazi ya kuusaidia si nyingi. Kwanza, maji ya robine yakae wazi siku moja ili dawa ya klore itoke. Pili, mwanga uwe kidogo, saa 6 kwa siku zinatosha. Jua kali linaleta ukungu wa kijani unaofunika mmea zaifu. Tatu, kata majani yaliyooza, kwa maana yanachafua maji na kumaliza hewa ya samaki. Yale yaliyo magumu bado uyaache. Ine, usifukie shina nene la Anubias ndani ya mchanga, litaoza. Tano, usitie mbolea; mmea usio na majani hauwezi kuila. Na zaidi ya yote, usiungoe kila siku kutazama kama umeshika. Kila ukiungoa, unakata vimizizi vipya.

Wakati ule ule mtoto wetu mwenyewe alikuwa ananyauka. Watoto wa jirani walisema Kilunda na Kichokwe. Yeye alijua Kiswahili cha Kolwezi tu. Walimcheka. Alirudisha sahani imejaa, akalala mapema, akaacha kuimba. Bwana yangu akasema: “Tumurudishe Kolwezi kwa shangazi yake.” Tulibishana usiku mwingi, kwa maana mimi pia niliogopa. Nkambo yake akatusikia. Akasema: “Muti yenye munangoa leo na kupanda kesho, itashika udongo siku gani?”

Hatukumrudisha. Tulipunguza mambo tuliyomdai. Tukakataza watu wa nyumba kumcheka juu ya lugha. Tukamwachia vitu vya Kolwezi: sahani yake, saa yake ya kulala, nyimbo za kwaya ya parokia yetu ya zamani. Tukamtafutia rafiki mmoja tu, msichana aliyechota maji pamoja naye. Wala hatukumuuliza kila asubuhi kama amezoea.

Bolbitis ilikufa yote. Anubias ilikaa kimya. Kwa juma la 4, Cryptocoryne ikatoa jani moja, jembamba na la rangi ya kahawia, lisilofanana na yale ya Kolwezi. Mtoto alichukua zaidi. Ulikuwa mwezi wa 3 alipoomba ruhusa kwenda mto Lulua na wasichana wenzake. Aliporudi alikuwa na maneno ya Kilunda ndani ya Kiswahili chake. Hakuwa tena yule mtoto wa Kolwezi, na sisi wazazi tulipaswa kumzoea.

Wazazi mnaohama, mbele ya kusema mtoto ameharibika, mgusa ku mizizi. Je, anakula hata kidogo? Analala? Anacheza hata na mtoto mmoja? Kama ndiyo, mumpe siku. Lakini akikonda juma kwa juma, akiwa na homa, ama akisema hataki kuishi, msingoje. Mumpeleke kwenye kituo cha afya, kwa maana si kila unyonge ni wa kuhama. Na mtu mkubwa naye mumwangalie. Baba aliyeacha kazi ya miaka 20 anaweza kukaa mbele ya nyumba akinyamaza miezi, na hakuna anayemuuliza kama amekula.