Unosumai, watoto walipokimbia bila kusubiri wazazi

Ukishuka kwenye treni Unosumai, kitongoji cha mji wa Kamaishi kaskazini mashariki mwa Japani, milima iko karibu mno na bahari. Kuna uwanja wa raga uliotumika katika Kombe la Dunia la mwaka 2019. Pale ulipo uwanja zilikuwapo shule mbili, ya msingi na ya sekondari.

Machi 11, 2011, saa 8:46 mchana, lilipiga tetemeko la ukubwa wa 9.0. Wanafunzi wa sekondari walitoka mbio kuelekea juu. Wale wa msingi walikuwa wamepandishwa ghorofa ya tatu. Walipowaona kaka na dada zao wanakimbia, wakashuka na kuwafuata. Wakubwa waliwashika mkono wadogo. Walipofika mahali palipopangwa, wakaona ukingo wa mlima unabomoka, wakapanda tena, na tena. Pale pa kwanza palifunikwa na maji. Waliokimbia pamoja walinusurika.

Karibu na kituo cha treni kuna bustani ya kumbukumbu, nayo ina habari nyingine. Hapo palikuwa na jengo la kujikinga na majanga. Halikuwa kimbilio rasmi la tsunami, lakini mazoezi yalikuwa yakifanyika humo, maana mlimani ni mbali kwa wazee. Siku ile watu wakaenda walikozoea. Zaidi ya 100 walikufa. Kwangu mimi, hapa ndipo pa kusimama kwa muda mrefu zaidi.

Watu wa pwani hii wana neno, "tendenko": kila mtu akimbie kivyake. Mzazi akilisikia mara ya kwanza litamchoma. Nimwache mwanangu? Lakini mwaka 1896 tsunami iliua takriban watu 22,000 hapa, na wengi huangamia wakirudi kutafutana. Neno hilo hufanya kazi pale tu familia ilipokubaliana mapema: mama hafuati shuleni kwa sababu anajua mtoto ameshapanda, na mtoto habaki getini akimngoja mama.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tulifikiwa na mawimbi Desemba 26, 2004, kutoka tetemeko la Sumatra, na Dar es Salaam watu walikufa. Ardhi yetu haikutikisika. Dalili ilikuwa baharini: maji yakikupwa na kujaa ghafla, kwa wakati usio wake. Mwanao anayeogelea kila Jumapili anaijua dalili hiyo?