Franco wa Gramafoni ya Baba

Nyumbani kwetu Kigoma, miaka ya 1980, gramafoni ilikuwa ya baba na santuri karibu zote zilikuwa za Franco, mwanamuziki wa Kongo. Iliyokwaruzika tuliiwekea sarafu ya shilingi juu ya kichwa cha sindano ili isiruke. Kilingala cha nyimbo zake hatukukijua. Aliyetufasiria ni jirani, mtu wa Kalemie aliyevuka ziwa na kuoa Ujiji, na ndiye aliyetusimulia habari za Franco tangu utoto wake. Ukubwani nilizisoma vitabuni, nikakuta mzee hakutia chumvi nyingi.

Jina lake halisi ni François Luambo Makiadi. Alizaliwa Sona Bata mwaka 1938, akakulia Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Baba yake, mfanyakazi wa reli, alifariki mapema. Mama Makiese akashika kazi ya kuuza maandazi katika soko la Ngiri-Ngiri. Mtoto akajiundia gitaa la kopo na nyaya, akawa analipiga karibu na meza ya mama ili wapita njia wasimame na kununua. “Akipiga vibaya, maandazi yanalala,” jirani yetu alikuwa akisema, kisha anacheka peke yake.

Mpiga gitaa Dewayon alimfundisha gitaa la kweli, akamwingiza katika bendi yake ya Watam. Mwaka 1953, akiwa na miaka 15, studio ya Loningisa ilimpa mkataba wa miaka 10, na mwanamuziki Henri Bowane akambandika jina la Franco. Santuri zikatoka, mji ukamjua kabla ndevu hazijamwota.

Wangapi wamevuma utotoni, wakasahaulika walipokua? Franco hakuishia studio. Mwaka 1956 yeye na wenzake walianzisha bendi ya OK Jazz katika baa ya Oscar Kashama, na tangu hapo maisha yake yakawa jukwaani. Wanamuziki walikuja na kuondoka, yeye akabaki. Mwaka 1978 serikali ya Rais Mobutu ilimfunga kwa nyimbo zilizohesabiwa matusi. Alipotoka, aliendelea kupiga.

Mimi nilimwelewa kwa “Mario” ya mwaka 1985. Mwimbaji Madilu System anaimba, na Franco anaingia kwa maneno ya kusema, taratibu, anamsuta kijana aliyesoma lakini anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri. Gitaa linarudia mstari uleule na wala huchoki. Jirani alikuwa akitufasiria sentensi kwa sentensi, mama zetu wakiangua kicheko, vijana fulani wa mtaani wakitazama chini. Hadi leo Tanzania kijana wa namna hiyo huitwa marioo, na wengi wanaolitamka hawajawahi kuusikia wimbo.

Mwaka 1987 aliimba kuwaonya watu juu ya UKIMWI, wakati wakubwa wengi wakiona haya kuutaja. Alifariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, akiwa na miaka 51, na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ikatangaza siku nne za maombolezo.

Kwangu mimi, studio ilimpa Franco jina tu. Kazi ya kumsimamisha mtu aliyekuwa anapita na shughuli zake alikwisha kuijua sokoni, kwa mama yake. Kijana unayetaka kumsikia, anza na “Mario”, wala usingoje kujua Kilingala. Sisi hatukungoja.