Balarm kwa Miguu: Siku Moja Mjini Palermo

Mji wa Palermo, ulioko kisiwani Sisilia kusini mwa Italia, uliitwa Balarm kwa takriban miaka 240, na katika miaka hiyo adhana ilisikika humo mara tano kila siku. Jeshi la kwanza la Waislamu lililovuka bahari kutoka pwani ya Tunisia mwaka 827, sawa na 212 Hijria, halikuongozwa na jemadari bali na kadhi. Naye ni Asad ibn al-Furat, kadhi wa Qayrawan, mzee wa miaka sabini hivi, ambaye ujanani aliketi mbele ya Imamu Malik mjini Madina. Alifariki mwaka uliofuata, kabla ya Palermo kutwaliwa mwaka 831. Wanormani, Wakristo kutoka kaskazini ya Ufaransa, waliuchukua mji huo mwaka 1072. Habari hizi zimo vitabuni. Sisi, familia mbili pamoja na watoto, tulitaka kuona ni kipi kilichosalia juu ya ardhi.

Tulianzia upande wa bahari, mtaa wa Kalsa. Jina hilo ni al-Khalisa, ngome waliyoijenga magavana wa Kifatimi mwaka 937. Ngome yenyewe haipo tena, na mtaa uliharibiwa sana kwa mabomu katika Vita Vikuu vya Pili. Ni jina tu lililodumu, kwa hiyo hatukukaa hapo. Tulipanda polepole hadi uwanja wa Bellini, ambako majengo mawili ya karne ya 12 yamesimama bega kwa bega. La kwanza, San Cataldo, lina makuba matatu mekundu, na kwa mbali mtu angelidhani ni msikiti. La pili ni Martorana, lililojengwa mwaka 1143 na George wa Antiokia, mkuu wa majeshi ya majini ya Mfalme Roger wa Pili. Cheo chake kwa Kitaliano ni *ammiraglio*, na chimbuko la neno hilo ni lile lile la amiri wetu.

Mbele ya jengo hili tulikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote siku ile, kwa sababu ya mtu mmoja aliyepita hapa kabla yetu. Ibn Jubayr, karani kutoka Andalusia, alikuwa akirejea kutoka Hija pale jahazi lake lilipovunjika karibu na Messina mwezi wa Disemba 1184. Akafika Palermo siku za Krismasi, akaliona kanisa hili na kulisifia uzuri wake. Kilichomshangaza zaidi ni wanawake wa Kikristo waliotoka siku ile ya sikukuu. Walivaa kama wanawake wa Kiislamu: hariri, mitandio ya rangi, hina mikononi, manukato, na Kiarabu fasaha midomoni. Wanormani walikuwa wametawala zaidi ya miaka mia, na bado mwanamke wa Palermo aliyetaka kupendeza alijipamba kwa mapambo ya Waislamu.

Mtu angeweza kudhani basi kwamba Waislamu wenyewe walikuwa katika raha. Ibn Jubayr anaeleza kinyume chake. Walikuwa na misikiti yao na kadhi wao, lakini hofu iliingia ndani ya nyumba. Baba akimkaripia mwanawe, au mume akigombana na mkewe, aliyeudhika aliweza kukimbilia kanisani akabatizwa, na hapakuwa na njia ya kumrudisha. Wazazi wakawa wanawabembeleza watoto wao kwa kuwaogopa. Huko Trapani, bandari aliyoondokea, mtu mmoja mwenye hadhi alimtuma mwanawe kwa hujaji mmojawapo na ombi: amchukue binti yake, amuoe mwenyewe au amuozeshe kwa mtu mwema, mradi tu amtoe kisiwani akaishi katika nchi ya Waislamu. Binti aliposhauriwa, aliridhia kuachana na baba yake na ndugu zake. Mahujaji walistaajabu jinsi mzazi alivyoweza kuukata moyo wake kiasi hicho. Mmoja wetu ana binti wa umri wa kuozwa, na habari hiyo iliposomwa hapo uwanjani alimshika mkono, asiseme neno.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi soko la Ballarò, na watoto walishukuru. Ni soko la kelele, lenye maturubai juu na sakafu iliyolowa maji ya samaki. Mpwani yeyote atajiona yuko nyumbani. Kuna rundo la ufuta ambao Wasisilia huuita *giuggiulena*, kutoka Kiarabu juljulan, na zafarani ambayo kwao ni *zafferano*. Ua la mchungwa wanaliita *zagara*, yaani zahr. Na kuna *panelle*, vipande vyembamba vya unga wa dengu vilivyokaangwa, tulivyovila kwa ndimu huku tukizikumbuka bajia za nyumbani. Mwislamu aulize kwanza mafuta ya kukaangia ni yapi. Mkate wa wengu unaouzwa karibu nayo hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na vikaango huweza kuchanganywa. Vilevile *cannoli*, vile vitamutamu mashuhuri vilivyojazwa jibini, kwa desturi hukandwa kwa mafuta hayo hayo na mvinyo. Tuliwapita kwa macho tu. Ibn Hawqal, msafiri wa Kiarabu aliyefika Palermo karne ya 10, alihesabu zaidi ya misikiti 300 mjini, lakini aliwakebehi wenyeji kwa kula vitunguu vibichi kupita kiasi, akidai vimewaharibu akili. Vitunguu bado vimejaa Ballarò. Misikiti ile 300 hatukuiona hata mmoja.

Juu kabisa, mwisho wa barabara kongwe ambayo wenyeji wanaiita Cassaro, limesimama Kasri la Wanormani. Cassaro ni al-qasr, na kasri lenyewe limekalia mahali palipokuwa na ngome ya Waislamu. Ndani yake kuna kanisa la Cappella Palatina, lililoanza kujengwa na Roger wa Pili mwaka 1132. Kuhusu Mwislamu kuingia kanisani kwa kutazama tu, wanazuoni wana maelezo yao, na kila familia imuulize shekhe wake. Mlangoni watalii waliovaa vikaptura na mabega wazi walitakiwa wajisitiri. Sisi tuliokuwa na mabuibui tulipita bila kuulizwa.

Kilichotuleta ni dari. Ni ya mbao, imechongwa kwa muqarnas, yale matundu madogomadogo yanayoning'inia kama sega la asali, na kingo zake zimeandikwa kwa khati ya Kufi maneno ya kumtakia mfalme heri: baraka, afya, izza. Mfalme ni Mkristo, kanisa ni lake, na dua iliyo juu ya kichwa chake ni ya Kiarabu. Kando ya kanisa kuna bamba la mwaka 1142 lililotangaza saa ya maji ya mfalme kwa lugha tatu, Kilatini, Kigiriki na Kiarabu.

Kwa mfalme huyo huyo alifanya kazi Sharif al-Idrisi, mwanajiografia kutoka Ceuta. Kwa miaka kama kumi na mitano alikusanya habari za mabaharia na wafanyabiashara, akachora ulimwengu juu ya bamba kubwa la fedha, na mwaka 1154 akakamilisha kitabu chake kinachojulikana kama Kitabu cha Roger. Bamba lile limepotea, kitabu kipo. Na humo, ndugu msomaji, imetajwa pwani yetu: Malindi na Mombasa, miji ya watu wachimbao chuma na kuwinda wanyama wakali. Ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa yanayozitaja Mombasa na Malindi kwa majina yao, na yaliandikwa katika mji huu. Vijana wetu, ambao mpaka hapo walikuwa wakiburura miguu, walitaka kujua ni chumba gani.

Tulishuka hadi kanisa kuu la mji. Kabla ya 1072 hapa palikuwa msikiti wa Ijumaa, na jengo la sasa lilianza kusimamishwa upya mwaka 1185. Mlango wa kusini una baraza yenye nguzo. Nguzo ya kushoto imechongwa aya ya 54 ya Surat al-A'raf, inayotaja kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Watu hupita wakiigusa kwa mabega, wakipiga picha za milango. Kijana wetu mmoja anayesoma madrasa aliifuata herufi kwa herufi, akakwama, akaanza tena, hadi aliposhika neno la kwanza na iliyobaki ikaja kwa hifdhi.

Ndani limo kaburi la jiwe jekundu la Mfalme Frederick wa Pili, mjukuu wa Roger. Vitabu humsifu kwamba alijua Kiarabu na kupenda elimu. Ndiye pia aliyewahamisha kwa nguvu Waislamu waliobaki Sisilia, kuanzia miaka ya 1220, akawapeleka Lucera, bara ya Italia, mbali na bahari na mbali na Tunisia. Huko waliishi kwa vizazi kadhaa, hata mwaka 1300 mfalme mwingine, Charles wa Pili, akauvunja mji wao na wengi wakauzwa utumwani. Tulisimama kidogo kwenye kaburi, tukatoka.

Adhuhuri tuliiswali katika msikiti mdogo ulio kwenye vichochoro vya chini ya hapo, ndani ya jengo lililokuwa kanisa. Waumini wengi tuliowakuta ni Watunisia na Wabengali, wafanyakazi wa masoko. Wanawake walitupisha, wakatuuliza tumetoka wapi, na Mombasa wakaijua kwa jina.

Mwisho wa safari ni Zisa, mwendo wa nusu saa kwa miguu, nje kidogo ya mji mkongwe. Jina ni al-Aziza. Ni jumba la mapumziko la wafalme, lililoanzwa mwaka 1165. Ukumbi wa chini una chemchemi ukutani, chini ya muqarnas, na mfereji mwembamba wa marumaru uliopitisha maji katikati ya sakafu kuelekea bustanini, hewa ipoe. Siku tuliyokwenda mfereji ulikuwa mkavu.

Jumba hilo sasa ni makumbusho ya sanaa za Kiislamu, na humo kuna jiwe la kaburi la mwaka 1149. Kasisi aitwaye Grisanto alimchongea mama yake, Anna, na akataka kila mpita njia amwombee mama huyo, kwa hiyo akaandika kwa Kilatini, kwa Kigiriki, kwa Kiarabu, na tena kwa Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Kila jamaa ya mji ule iliwekewa maneno yake, na tarehe kwa kalenda yake. Sehemu ya Kiarabu ni safi, inasomeka. Tuliisoma kwa sauti ndogo, mtoto mmoja akauliza kama Anna alikuwa Mwislamu, tukamwambia hapana, na mlinzi akaja kutuambia kwamba wanafunga.